Ametumika Sana

Vijana wangu wa kamati mpya, mmeniomba ukurasa mmoja wa kuwatia moyo. Prezida wenu alisisitiza "mmoja" akaonyesha kwa kidole, kana kwamba mimi sikufundisha hesabu maisha yangu yote. Sababu naijua. Mara ya mwisho mliponipa dakika kumi, siku ile ya kuniaga, nilisema mpaka watu wa benchi la nyuma wakaanza kutoka nje mmoja mmoja kama wanaokwenda msalani, na hawakurudi. Sasa nimestaafu. Nina muda, nina kalamu, na karatasi haiwezi kutazama saa ya mkononi. Someni, na mkichoka fungeni, sitawaona.

Nilikuwa mlezi wa kikundi cha wanafunzi Wakristo wa shule yetu hapa Uvira tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi. Wenzangu wengine husimulia wito wao vizuri sana: ndoto, sauti, machozi. Mimi niliingia ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, kuomba chaki. Alikuwa ameshika barua ya wanafunzi waliotaka mtu mzima wa kuwasimamia kila Jumatano baada ya masomo. Akanitazama mimi, akatazama barua, akanitazama tena.

"Mwalimu, weye haunywake pombe, si vile?"

Nikajibu kwamba sinywi.

"Basi Mungu amekuita," akasema, akatia sahihi. Chaki sikupewa.

Kosa langu kubwa, ambalo nililirudia mwaka baada ya mwaka kwa uaminifu mkubwa, lilikuwa kuchagua viongozi kwa masikio. Siku ya uchaguzi kila mgombea aliomba mbele ya wenzake, na aliyewaliza watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Ndivyo tulivyompata Dieudonné. Huyu alivaa tai hata siku ya salongo, siku ambayo shule nzima inashika majembe na kusafisha mitaro. Ombi lake lilianza kwa Kiswahili, likapanda taratibu, na likifika kwenye Kifaransa hata mimi nilihisi sasa Mungu ameombwa rasmi. Wasichana walilia. Prefe mwenyewe alipita dirishani akavua kofia. Tukamchagua kwa makofi awe prezida, yaani mwenyekiti wetu.

Ukitaka kumjua kiongozi, usimsikilize kabla ya "Amina". Mtazame baada yake. "Amina" ikishatamkwa, kila mtu ana haraka: huyu anaitwa na mama yake, yule mvua inakuja. Anayebaki kurudisha mabenchi, huyo mwandike jina pembeni. Kwetu aliyebaki alikuwa daima mmoja, Riziki, msichana wa mtaa wa Kilibula aliyekuwa darasa la tano la sekondari. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Mara mbili nilimwandika kwamba hayupo na kumbe ameketi mbele yangu. Lakini "Amina" ikilia, alichukua ufagio akaingia chini ya mabenchi, akatoa karatasi, maganda ya karanga, na siku moja kiatu kizima ambacho mwenyewe hakujitokeza mpaka leo. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Riziki alikuwa ameinama tangu darasa la tatu. Tulimpa cheo cha makamu wa prezida kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, tulikuwa tumepata prefe mpya, mtu wa utaratibu. Chumba chetu cha Jumatano alikitaka kwa masomo ya ziada ya wale wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Na sisi tulikuwa tumemsaidia kupata sababu. Mwaka uliotangulia tulikwenda mafungo ya siku tatu Runingu, kule kwenye bonde la Ruzizi, tukaahidi kurudi Jumapili. Tulirudi Jumatatu saa nne asubuhi, katikati ya vipindi, tukiimba, tukiwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa zawadi halali ya Wakristo wa kule, lakini jaribuni kumweleza hivyo prefe mpya huku mbuzi anakula ratiba ya masomo ukutani.

Akaniita. Alisema mafungo ya mwaka huu yana masharti matatu: ratiba ifuatwe, turudi Jumapili kabla ya giza, na mhubiri mgeni aandike barua kwa mkono wake kwamba aliona utaratibu. "Kukikosekana hata moja, Mwalimu, ile saa yenu ya Jumatano imekufa." Nikatia sahihi kwamba mimi ndiye nitakayejibu.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Saa ile ilikuwa ndiyo saa pekee katika juma zima ambapo mtoto wa Nyamianda na mtoto wa Kilibula, Mkatoliki na Mprotestanti, Mfuliiru na Mrundi, waliketi benchi moja bila mtu kuwapa alama. Nilishaona watoto wakija shule Jumatano wakiwa na homa ili tu wasiikose. Na sasa ilining'inia kwenye barua ya mtu ambaye nilikuwa sijamwona.

Wiki mbili kabla ya safari tulibandika mgawanyo wa kazi mlangoni. Dieudonné alikuja, akatafuta jina lake kwenye "Ufunguzi", hakulipata. Akatafuta kwenye "Neno la Shukrani", hakulipata. Akalipata chini kabisa, kwenye "Kuni". Kesho yake niliikuta mezani barua ya kujiuzulu, kwa Kifaransa safi, "kwa sababu za kiafya". Afya yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kuni tu ndizo zilizomuumiza, tena kabla hajazigusa.

Basi makamu akawa prezida. Riziki alinifuata kwenye chumba cha walimu akasimama karibu na mlango.

"Mwalimu, minye siwezi. Sauti yangu haifike hata ku mulango."

"Tutakuwa na spika," nikamwambia. Sikumwambia kwamba betri ya spika ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

Mhubiri wetu alikuwa Mzee Zabroni, mtu wa Kigoma. Alipitia Bujumbura, akaingia kwetu kwa mpaka wa Kavimvira na begi dogo na Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi tunasema "aksanti" tunamaliza. Yeye alisema "nashukuru sana kwa ukarimu wenu usio na kifani", na kwamba angependa kunawa mikono endapo haitakuwa usumbufu. Wanafunzi walimtazama mdomoni kama wanaoangalia sinema.

Riziki aliandika maneno ya kumkaribisha kwenye karatasi ya daftari, akaniletea nitazame. Aliandika: "Mgeni wetu amefanya kazi ya Mungu miaka mingi, pamoja na makanisa mengi. Tunaomba afanye kazi na kwetu." Hakukuwa na kosa. Lakini mwalimu mwenye kalamu nyekundu ni mtu hatari. Hawezi kuona karatasi ikipumzika. "Amefanya kazi" likaniudhi. Fundi mwashi naye hufanya kazi. Mhubiri apewe neno lake. Nikakatakata, nikaandika juu kwa wino mwekundu: "Mgeni wetu ametumika sana, ametumika na makanisa mengi. Tunaomba atumike na kwetu."

Nyinyi wa hapa hamjaona ubaya, sivyo? Mimi pia sikuona. Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Mtu akikutana na rafiki wa zamani humuuliza, "Unatumika wapi siku hizi?" Na mtu wa Mungu ni mtumishi, na mtumishi hutumika. Kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Nikamrudishia karatasi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na hiyo huwa ni dalili mbaya.

Tulikwenda Ijumaa kwa lori lililokuwa linafuata mihogo bondeni. Kwaya ilipakia spika mbili, gitaa, na ngoma ambayo haikupangwa, ikasahau chumvi. Andikeni hili mahali: chumvi asikabidhiwe mwanakwaya. Tena kwaya msiilishe kabla ya kuimba, kwa maana haitaimba. Wala msiiache iimbe kabla ya kula, kwa maana haitaacha. Mimi hesabu hiyo ilinishinda, labda nyinyi mtaipatia jibu.

Tulifika Runingu mchana. Dereva wa lori, mtu mwema, akatuazima betri ya gari lake mpaka atakapomaliza kupakia. Basi saa tisa, kwenye kanisa dogo la kijiji, Riziki akasimama na kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika mlangoni, ikatoka, ikaenda mpaka kwa watu waliokuwa wanalima mihogo. Akasoma kila neno kama nilivyosahihisha. Ametumika sana. Ametumika na makanisa mengi. Tunaomba atumike na kwetu. Wanafunzi wakapiga makofi. Nilijivunia.

Mzee Zabroni alisimama polepole. "Nimesikia," akasema. Akafungua Biblia, akasoma aya moja, akaifunga, akasema safari imemchosha, akatoka nje. Mahubiri ya saa mbili yalikuwa yameisha kwa dakika tatu. Wanafunzi wachache, Mungu awasamehe, walifurahi.

Nikamfuata nyumbani kwa katekista alikokuwa amepangiwa chumba. Nilimkuta ameketi kitandani, hajavua viatu.

"Mwalimu, naomba uniambie," akasema. "Mimi ni betri?"

"Betri, mzee?"

"Betri ndiyo hutumika. Tairi hutumika. Shati likitumika sana linauzwa mnadani. Na mtu akitumika, ujue yuko anayemtumia. Sasa binti yako amesimama mbele ya watoto wa watu, kwenye spika, amesema nimetumika sana. Tena nimetumika na makanisa mengi. Tena mnaomba na nyinyi mnitumie."

Nikajaribu kueleza. "Mzee, kwetu neno hilo maana yake..."

Akainua mkono. "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini usije ukanifundisha Kiswahili. Nimezaliwa nacho." Kisha sauti ikashuka. "Huko nyumbani wazee wa kanisa langu walinisema hivyohivyo. Kwamba mimi natumika, kwamba kuna watu nyuma yangu. Miaka yote niliyozunguka na baiskeli, ndiyo shukrani niliyopata. Nimevuka mipaka miwili kulikimbia neno hilo, nalo limenitangulia Runingu."

Hapo sikuwa na utani wowote. Nilimwonea huruma kabisa.

"Nani aliyaandika maneno yale?" akauliza. "Kesho asubuhi naondoka. Barua ya mkuu wenu nitaiandika, lakini nitaandika nilichokiona. Nataka tu nijue ni nani aliyeandika."

Vijana, jibu lilikuwa mfukoni mwa shati langu, jekundu, na kifuniko chake. Lakini mbele ya macho yangu niliiona sahihi yangu kwenye meza ya prefe. Nikasema, "Nitauliza."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku hiyo nilijikwaa mara mbili: kwanza kwa kuandika, kisha kwa kunyamaza.

Nje nilimkuta Riziki ananingoja, karatasi bado iko mkononi.

"Mwalimu, mugeni iko mugonjwa?"

"Anasema umemtukana," nikamjibu. Angalieni vizuri: sikusema "tumemtukana", sembuse "nimemtukana". "Ni lile neno 'ametumika'. Kwao ni tusi. Ni kama kusema watu wanamtumia."

Riziki akafungua karatasi, akaitazama kwa muda. Halafu akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Basi minye nitaenda kuomba musamaha," akasema.

Na mimi nikafanya nini? Kuku wa katekista walikuwa wanapita. Nikawatazama kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuwahesabu.

Kana kwamba shida zilikuwa hazijatosha, pikipiki ikaingia na Dieudonné nyuma yake, tai shingoni, amekuja "kusalimia tu". Aliposikia mhubiri amechoka, alijitolea kujaza nafasi. "Dakika mbili tu, Mwalimu." Sheria nyingine: asiyetaja muda anaweza kuwa na kiasi; anayesema "dakika mbili tu" mnyang'anye kipaza sauti hapohapo. Dieudonné alihubiri juu ya kufunga na kujinyima chakula tangu saa kumi mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Waliokuwa zamu ya jikoni waliona aibu kusimama katikati ya hoja ya kujinyima, kwa hiyo maharagwe yakaungua. Yaliyosalia hayakuwa na chumvi. Basi hakuna mahubiri yaliyotimizwa haraka kama yale. Jioni hiyo kikundi kizima kilifunga.

Riziki alikwenda kwa Mzee Zabroni kuomba radhi. Alisema ameyasoma yeye maneno yale na lawama ni yake. Mzee akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu," lakini kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Hakubadili safari yake.

Mimi nilikaa nikitunga hotuba za kumbembeleza. Nilitunga tatu, zote nzuri, zote za uongo. Riziki hakutunga kitu. Alimpelekea mgeni maji ya kuoga. Akamchotea maharagwe ya juu kabisa, yale ambayo moto haukuyafikia, na ugali, akaenda kwa mke wa katekista kuomba chumvi. Akafagia chumba. Halafu akashika shoka, akaanza kupasua zile kuni ambazo afya ya Dieudonné ilizikataa.

Kulipokucha nilikuwa kwenye baraza la katekista, nafunga viatu, najipa moyo wa kuingia na hotuba namba mbili. Mzee Zabroni akatoka na begi lake. Uani palikuwa na moto umeshawaka, sufuria ya maji juu yake, na Riziki ameinama kwenye lundo la kuni. Hakuna aliyeniona.

"Binti," mzee akasema, "nani amekutuma uamke hivi?"

"Hakuna muntu alinituma, baba. Minye njo prezida."

"Prezida anapasua kuni?"

"Njo kazi yake. Kuwa prezida ni kutumika."

Mzee akasimama. "Umesemaje?"

"Kutumika, baba," akajibu, bila kujua anakanyaga wapi. "Jana nilitumika mpaka mikono ikaniuma. Na sasa niko natumika tena. Baba yangu anatumika ku mashamba, mama anatumika ku soko. Mwalimu wetu ametumika na siye banafunzi tangu zamani."

"Ametumika na nyinyi."

"Njo. Pamoja na siye."

"Pamoja," mzee akarudia. "Kwa hiyo 'na' yenu ni ya pamoja."

"Iko ingine, baba?"

Mzee Zabroni aliweka begi chini, kisha akaketi juu yake. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikasimama. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyejinyima kwa miezi, mpaka mke wa katekista akatoka kuangalia.

"Kwa hiyo jana, mwanangu, ulikuwa unanisifu?"

"Sana, baba. Ile njo sifa ya mwisho tuko nayo."

Akafuta macho. "Nipe hilo shoka," akasema. Aliporudi ndani kunywa chai, begi alilibeba Riziki.

Jumamosi hiyo alisimama mbele ya wanafunzi, akaanza hivi: "Mimi ni Zabroni wa Kigoma, na nimetumika." Wanafunzi hawakujua habari yoyote, wakajibu "Amina" kwa adabu, wakingoja aendelee. Alicheka peke yake kidogo, kisha akahubiri siku nzima juu ya neno hilo moja. Mengi nimeyasahau. Lakini alisema kuna jembe ambalo bado lina rangi ya dukani, nalo ni zuri kulitazama, ila halijalisha mtu. Nikamwona Dieudonné anaigusa tai yake.

Jumapili tulirudi kabla ya giza. Akina mama wa Runingu walijaribu kutupa mbuzi. Nilimkataa nikiwa nakimbia. Barua ya Mzee Zabroni ilikuwa na mistari miwili: "Kulikuwa na utaratibu. Prezida wao ametumika sana." Prefe, mtu wa Uvira halisi, aliisoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akaiweka kwenye faili. Saa ya Jumatano ikapona. Ndiyo hiyo mnayoikalia sasa mkitumiana picha chini ya benchi.

Jumatano iliyofuata, baada ya "Amina", Dieudonné alibaki. Alirudisha benchi moja. Moja tu, akajikung'uta. Lakini tulianzia hapo. Leo anachunga kanisa lake, na nasikia hulifagia mwenyewe, na tai shingoni.

Sasa yenu. Zamani tulitangaza kikao kwa chaki ubaoni: mvua ikifuta, watu wanaulizana, wanakuja. Nyinyi mnatangaza kwa WhatsApp, mnapata "Amina" nyingi kuliko majani, mkifika chumbani mko saba. Sipingi simu. Nasema tu kwamba "Amina" ya kidole haibebi benchi. Tena ufunguo wa chumba wapeni watu wawili, mmoja anayewahi na mmoja asiyekasirika. Mahubiri yaishe kabla maharagwe hayajaiva. Na mkimkaribisha mgeni wa mbali, kabla ya kumsifu, muulizeni kwanza kwao watu husifiwa vipi. Kuuliza si ujinga.

Ningeishia hapa, ukurasa wenu mmoja ulishapita zamani. Lakini kuna deni la moyo bado halijalipwa.

Huyo Riziki ndiye Mwalimu Riziki, mlezi wenu wa sasa, yule mnayemwogopa ingawa mkiwa nyuma hamumsikii. Siku ile ya kuniaga, kabla hatujaingia ndani, nilimvuta pembeni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelibeba, na niliona aibu kustaafu nalo.

"Riziki," nikamwambia, "lile neno la Runingu. Si wewe. Ni mimi niliyeliandika, na nilinyamaza nikakuacha ukaombe radhi peke yako. Nisamehe."

Akafungua Biblia yake, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Wino mwekundu ulikuwa umepauka, lakini ule mkono ulikuwa wangu, na ile alama yangu ya kukata, ndefu kuliko inavyohitajika.

"Mwalimu, kwani mukono yenu sikuijua? Mulikuwa munanikatia hesabu kila siku."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ule mugeni angeandikia prefe kama ni mwalimu. Na mwalimu njo alitia sinyatire. Mwanafunzi akikosa, batasema ni mutoto. Mwalimu akikosa, Jumatano yetu inakufa." Akaikunja tena. "Tena muliisha kuwa munatazama kuku. Niliona munateseka sana."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikakuta ninalia, mtu mzima na koti la kuagwa. Nilidhani mimi ndiye niliyeilinda saa ile miaka yote. Kumbe msichana wa darasa la tano aliilinda kwa kukunja karatasi.

Akanionyesha ukurasa mwingine, aliouandika kwa ajili ya kunikaribisha niseme. Ulisema: "Mwalimu wetu amefanya kazi ya Mungu miaka mingi." Akaninyooshea kalamu nyekundu. "Sahihisheni, Mwalimu," akasema, na macho yalikuwa yanacheka.

Mkono ulikwenda wenyewe, ni mazoea. Nikaurudisha.

"Acha hivyohivyo," nikamwambia. "Lile neno lingine lina mwenyewe."

Tukaingia, nikapewa dakika kumi, na mengine mnayajua. Msilolijua ni kwamba mlipokimbia wote baada ya ombi la mwisho, tulibaki wawili tunarudisha mabenchi, na mgongo wangu ulilalamika siku tatu.

Jumatano ijayo nitapita hapo shuleni. Sitaomba dakika hata moja. Nitasimama tu mlangoni, baada ya "Amina", nitazame.